Mfumo mpya ukileta shoti (upungufu wa hela kwenye droo), kwanini anayekatwa mshahara ni keshia peke yake?

Kaunta_ya_Tatu:

Wakuu habari zenu. Naandika kwa urefu mnivumilie, hili jambo limenikaa kooni muda mrefu na najua humu kuna makeshia, wahasibu, watu wa aiti na wenye maduka wenyewe, kwa hiyo naomba tuliongee kwa uzito wake.

Mimi ni supavaiza wa makeshia kwenye duka kubwa la jumla na rejareja hapa Dar. Jina la duka sitalitaja na naomba msibahatishe. Tulikuwa na mfumo wa zamani, ule uliokaa kwenye kompyuta moja ofisini, makeshia wameuzoea mpaka wanabonyeza bila kuangalia kibodi. Menejimenti ikaamua kuhamia mfumo mpya wa mtandaoni na mimi sikupinga, ule wa zamani ulishachoka, na bosi alikuwa anataka aone mauzo ya matawi yote kwenye simu yake popote alipo, ni haki yake. Mafunzo yakafanyika asubuhi moja kabla duka halijafunguliwa, kijana wa kampuni ya mfumo akawasha projekta akaonyesha namna ya kuuza, namna ya kufuta, namna ya kufunga hesabu, basi, tukaanza kazi.

Toka hapo shoti haziishi. Na sizungumzii shoti ya buku au buku mbili ya kukosea chenji, nazungumzia elfu 40, elfu 60, kwa mabinti na vijana ambao miaka yote mfumo wa zamani ukifungwa jioni droo inakaa sawa. Na kila mwisho wa mwezi hela inakatwa kwenye mshahara, hakuna kikao wala karatasi, unaona tu kwenye slipu ya mshahara.

Niwape mfano mmoja ambao nilikuwa nimesimama nyuma ya keshia kwa macho yangu. Mteja kanunua vitu vya 47,000, kasema analipa kwa simu. Keshia kachagua malipo ya simu, kabonyeza, kiduara kikaanza kuzunguka. Mteja kashapata meseji ya muamala, kaionyesha, hela imetoka kwake. Kiduara kinazunguka tu. Foleni nyuma imefika kwenye friji za soda, watu wameanza kuguna. Baada ya muda skrini ikarudi kwenye bidhaa zilezile kama vile hakuna kilichofanyika, na keshia hawezi kumruhusu mteja atoke bila risiti, kwa hiyo akabonyeza tena, safari hii mfumo ukamtaka achague upya aina ya malipo, na aina inayokuja yenyewe imeshawekewa tiki ni keshi. Ikapita, risiti ikatoka, mteja akaenda zake. Jioni kwenye kufunga hesabu mfumo unasema huyu keshia alipokea keshi 47,000 ambayo kwenye droo haipo. Haipo kwa sababu haikuwahi kuwa keshi! Iko kwenye lipa namba ya kampuni. Kampuni hela yake imeipata yote, halafu mwisho wa mwezi inaichukua tena 47,000 ileile kutoka kwa mtu anayepanda daladala mbili kuja kazini.

Nilipoenda ofisini kueleza nikaambiwa mashine haina sababu ya kudanganya, binadamu ndo ana sababu. Hiyo kauli ndo imenifanya nifungue huu uzi.

Hoja yangu ni moja tu. Aliyechagua mfumo ni mwajiri, aliyeuleta ni kampuni ya mfumo, anayefaidika nao ni mwajiri. Sasa mfumo ukisema kuna shoti, mwenye mfumo ndiye athibitishe kwamba hesabu ya mfumo ni sahihi, kabla hata shilingi moja haijaguswa kwenye mshahara wa mtu. Sasa hivi mambo yamegeuzwa, keshia ndo anaambiwa athibitishe kwamba hajaiba, na wakati huohuo hana ruhusa ya kufungua ripoti yoyote zaidi ya ile ya kufunga zamu. Atathibitisha kwa kutumia nini?

Mtu_wa_Stoo:

Mkuu umegusa penyewe. Kwenu ni keshi, kwetu huku stoo Vingunguti ni mzigo.

Mafuta ya kula chupa za lita moja katoni ina chupa 12, za nusu lita katoni ina 24. Waliohamisha data kutoka mfumo wa zamani wakaziandika zote 24. Tukapokea katoni 50 za lita moja. Katoni 30 zikatoka za jumla, hapo hakuna tatizo maana katoni imeingia katoni imetoka. Zile 20 zikafunguliwa ziuzwe mojamoja. Kwa uhalisia ni chupa 240, kwenye mfumo ni chupa 480. Zikauzwa zikaisha kabisa rafu nyeupe, mfumo unasema bado kuna chupa 240 stoo. Siku ya kuhesabu mzigo naulizwa chupa 240 ziko wapi.

Nilivyokuwa na bahati daftari langu la kupokelea mzigo naandika kwa mkono idadi ya katoni na pisi ndani ya katoni, nililiweka mezani tukahesabu pamoja na mhasibu. Mwenzangu wa tawi lingine hakuwa na daftari. Huyo kakatwa.

Mwenye_Duka_Kkoo:

Naomba na sisi wenye mali tusikilizwe. Nina maduka mawili Kariakoo, nimeanza na meza ya barabarani mtaa wa Kongo kwa hiyo msinione tajiri wa kurithi. Makeshia wanaiba. Sisemi wote ila wanaiba na wana mbinu, mteja akiondoka keshia anafuta mauzo, hela inaingia mfukoni, mfumo unaonyesha hakuna kilichouzwa. Au anauza bila kuingiza kabisa. Mfumo nimeulipia kwa mwezi kwa mwezi hela nyingi tu, na nimeuweka kwa sababu hiyohiyo ya wizi. Leo nikikubali kwamba kila shoti ni kosa la mfumo, kesho nafunga duka. Hela ikipotea kwangu hakuna anayenirudishia, kodi ya fremu iko palepale, TRA wako palepale.

Kijana umeongea vizuri lakini upande wako tu.

Kaunta_ya_Tatu:

Shikamoo mzee wangu, na nashukuru umekuja maana ni mabosi wachache wanakaa kujibu.

Wizi upo na silikatai, mimi mwenyewe ni supavaiza na nimeshawahi kumripoti mtu kwa kufuta mauzo. Lakini angalia ulivyomkamata huyo anayefuta mauzo: uliona mauzo yaliyofutwa, saa, jina la aliyefuta. Huo ni ushahidi na hauna mtu wa kukulaumu ukimchukulia hatua. Mimi naongelea hii ya kusema "mfumo unaonyesha umepungukiwa" basi, hakuna aliyeangalia kwanini. Kwenye ile 47,000 ilitakiwa mtu mmoja tu afungue taarifa ya lipa namba ya siku hiyo aone kuna 47,000 imeingia saa ileile na haina mauzo yake ya simu kwenye mfumo. Ni kazi ya dakika chache. Haikufanyika kwa sababu kumkata keshia ni rahisi kuliko kutafuta.

Na mzee, mwizi wa kweli anaupenda sana huu utaratibu. Shoti zikiwa nyingi za kila mtu kila siku, ya kwake inajificha humohumo.

Mama_wawili_Mbagala:

Jamani mimi nasoma hapa natetemeka. Nafanya kazi supamaketi, siku naajiriwa nilisainishwa makaratasi mengi, mojawapo limeandikwa nakubali kukatwa upotevu wowote utakaotokea kwenye kaunta yangu. Nilisaini ningefanyaje, kazi yenyewe nimeipata kwa kuunganishwa na shemeji yangu. Mwezi uliopita nimekatwa mpaka hela ya ada ya mtoto nikakopa kwa majirani kwenye kikoba. Nikiuliza naambiwa si ulisaini.

Na kitu kingine, sisi kaunta yetu tunapokezana na wakati wa chakula anakaa mwenzangu, nikimwambia nitoke kwenye akaunti yangu naye aingie kwa yake supavaiza anasema mnachelewesha foleni, tumieni hiyohiyo. Kwa hiyo akikosea yeye jina linalosoma ni langu.

Fundi_Mifumo:

Nafanya kazi ya kufunga mifumo ya mauzo, nimefunga kwenye maduka mengi hapa mjini kuanzia Sinza mpaka Gongo la Mboto, ngoja niseme ukweli hata kama wenzangu watanuna.

Alichoeleza mleta uzi kuhusu kiduara ni tatizo la kiufundi linalojulikana kabisa na dawa yake inajulikana. Muamala unatakiwa upewe namba yake ya kipekee kabla haujaondoka kwenye kaunta, ukikwama ukitumwa mara ya pili sava inaona namba ni ileile inasema huu nimeshaupokea, inarudisha jibu la kwanza. Mfumo usiofanya hivyo mtandao ukiyumba ni lazima ulete mauzo mara mbili au mauzo yenye aina ya malipo isiyo sahihi. Na kuweka keshi iwe imechaguliwa tayari ni uzembe wa aliyetengeneza, aina ya malipo iachwe wazi keshia achague mwenyewe kila mara.

La pili, mnahamaje siku moja? Utaratibu wa kazi yetu ni kwamba mfumo wa zamani na mpya vinaendeshwa sambamba kwa kipindi, kila jioni unalinganisha, tofauti zikiisha ndo unazima wa zamani. Wateja wengi wanakataa kwa sababu inaonekana ni kazi mara mbili na wanataka kuokoa hela ya usimikaji. Basi ile gharama waliyokwepa inaenda kulipwa na keshia kwa mafungu.

La tatu ni la dada wa Mbagala. Akaunti moja ikitumiwa na watu wawili, logi za mfumo, yaani kumbukumbu za nani alifanya nini saa ngapi, hazina thamani tena kwa ajili ya kumshtaki mtu. Logi inasema jina, haisemi vidole vya nani. Supavaiza anayelazimisha hivyo amejiharibia ushahidi mwenyewe.

Na hii habari ya mashine haikosei. Tarehe 19 Julai 2024 kampuni ya CrowdStrike, ya usalama wa kompyuta, ya Marekani, ilituma apdeti moja yenye kasoro, Microsoft wenyewe walikadiria kompyuta milioni 8.5 za Windows ziliathirika, ndege zilikwama, hospitali zilikwama. Hao wana wataalamu wa kila namna. Sasa mfumo wa kijana na laptopu yake Makumbusho ndo hauwezi kukosea?

Pampu_namba_nne:

Mimi wa sheli. Kwetu mfumo mpya ulikuwa unafunga siku saa tisa usiku badala ya saa sita usiku. Tulihangaika nao sana, zamu ya usiku kila siku ina shoti na zamu ya mchana ina ziada, meneja anasema watu wa usiku wezi. Kumbe saa ya sava haikurekebishwa kuwa ya Afrika Mashariki, iko nyuma masaa matatu, kwa hiyo mauzo ya saa sita mpaka saa tisa yanaingia jana wakati mita ya pampu tunaisoma saa sita kamili. Ukijumlisha shoti ya usiku na ziada ya mchana inakuwa sifuri! Hakuna lita iliyopotea hata moja.

Aliyegundua ni dereva wa bodaboda aliyekuwa anabishana na risiti yake, kaona tarehe ya jana. Tuliokwisha katwa hatukurudishiwa.

Kaunta_ya_Tatu:

@Pampu_namba_nne hiyo ya mwisho imeniuma sana ndugu yangu. Kosa likajulikana, likarekebishwa, na hela ikabaki hukohuko.

Sasa ngoja nilete hii habari ya Uingereza kwa sababu kila nikiisoma naona ni haya haya yetu yalivyokuwa yakikua mpaka yakafika mwisho wake, na yalitokea kwenye nchi ambayo tunaambiwa kila kitu kinaenda kwa sheria.

Posta ya kule, Post Office, mwaka 1999 ilianza kusambaza mfumo wa hesabu unaitwa Horizon, uliotengenezwa na kampuni ya kompyuta ya Fujitsu. Matawi mengi madogo yanaendeshwa na watu binafsi kwa mkataba, mtu ana duka lake kijijini na ndani yake kuna kaunta ya posta. Mkataba ulikuwa unawabana walipe upungufu. Horizon ulipoingia shoti zikaanza kutokea, mtu akipiga simu ya msaada anaambiwa ni wewe peke yako mwenye tatizo, wengine wote wako sawa. Wote walikuwa wanaambiwa hivyohivyo. Wakalipa kutoka mifukoni mwao, wakauza nyumba, wakakopa kwa ndugu.

Kuna mama mmoja anaitwa Jo Hamilton, alikuwa na duka kijiji cha South Warnborough. Mfumo ulionyesha anapungukiwa pauni 2,000. Akapiga simu ya msaada, wakawa wanamwelekeza bonyeza hapa bonyeza pale, akiwa bado kwenye simu hiyo hiyo ile 2,000 ikageuka 4,000 mbele ya macho yake. Akaambiwa alipe. Baadae akashtakiwa, akakiri kosa la kuandika hesabu zisizo za kweli ili tu asifungwe kwa wizi. Majirani zake kijijini ndo waliomchangia hela ya kulipa.

Kati ya 1999 na 2015 watu zaidi ya 900 walitiwa hatiani kwa hesabu za ule mfumo, na karibu 700 kati yao walishtakiwa na Posta yenyewe, sio polisi, maana Posta ilikuwa na uwezo wa kufungua kesi za jinai. Yaani anayedai, anayechunguza na anayeshtaki ni mmoja. Kule zamani kulikuwa na kifungu kilichomtaka anayeleta ushahidi wa kompyuta athibitishe kwanza kwamba kompyuta ilikuwa inafanya kazi sawasawa, kikafutwa kwa sheria ya 1999, mahakama zikawa zinaichukulia kompyuta kuwa iko sawa mpaka mshtakiwa aonyeshe vinginevyo. Mtu wa kijijini ataonyesha nini? Na miaka yote hiyo Posta ilikuwa inakana kwamba watu wa Fujitsu wanaweza kuingia kwenye hesabu za tawi kwa mbali bila mwenye tawi kujua. Ikaja kuthibitika walikuwa wanaweza.

Aliyewakusanya watu ni Alan Bates, naye alikuwa na tawi Wales, mkataba wake ulivunjwa 2003 kwa kukataa kulipa asichokitambua. Watu 555 wakaenda mahakama kuu kwa pamoja, Desemba 2019 jaji akasema wazi kwamba mfumo ulikuwa na kasoro zinazoweza kuleta upungufu usiokuwepo. Bunge likapitisha sheria Mei 2024 ya kufuta hatia zile kwa mkupuo. Ripoti ya uchunguzi iliyotoka Julai 2025 imesema huenda watu wasiopungua 13 walijiua kwa sababu ya yaliyowakuta.

Miaka 20 wakuu. Na ilianza na sentensi ndogo tu, lipa maana mfumo umesema. Ndo maana nikiambiwa ofisini "mashine haina sababu ya kudanganya" nashindwa kunyamaza.

Sheria_Kazini:

Mleta uzi, kwa Tanzania sheria iko upande wako zaidi ya unavyodhani, shida ni kwamba haisomwi.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 28. Mwajiri haruhusiwi kukata mshahara hovyo. Kwa hasara au upotevu, makato yanaruhusiwa ikiwa tu hasara imetokea kazini na imesababishwa na kosa la mfanyakazi, mwajiri ameeleza kwa maandishi chanzo cha deni, kiasi na jinsi alivyokipata, na amempa mfanyakazi nafasi ya kutosha kupinga. Deni lisizidi hasara halisi, na makato yasizidi robo ya mshahara. Soma hapo tena, "kosa la mfanyakazi" na "hasara halisi". Ile 47,000 iliyoko kwenye lipa namba siyo hasara, kwa hiyo hakuna cha kukata.

Dada wa Mbagala, karatasi uliyosaini siku ya kuajiriwa haimwondolei mwajiri wajibu wa kukueleza kwa maandishi kila deni na kukupa nafasi ya kulipinga. Alitakiwa akuandikie. Je aliwahi?

Pia kuna Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, mahakama ikipima uzito wa rekodi ya kielektroniki inaangalia uaminifu wa namna rekodi hiyo ilivyotengenezwa na kutunzwa. Akaunti ya kuchangia kama alivyosema Fundi inaanguka hapo hapo. Na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inakupa haki ya kuona taarifa zako anazozishikilia mtu, kwa hiyo kuomba rekodi zinazobeba jina lako siyo ukaidi.

Malalamiko yanaenda CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, unajaza fomu namba 1. Angalieni muda, mgogoro wa kuachishwa kazi ni ndani ya siku 30, migogoro mingine ndani ya siku 60. Wengi wanakuja wameshachelewa wanaanza tena kuomba kuongezewa muda.

Mama_wawili_Mbagala:

Asante kaka. Hakuna barua yoyote niliyowahi kupewa, naona tu kwenye slipu. Lakini nikidai si watanifukuza? Nina watoto.

Sheria_Kazini:

Kisheria kudai haki uliyopewa na sheria siyo sababu halali ya kukuachisha kazi, kifungu cha 37. Ila sitakudanganya dada yangu, mkataba wa mwaka mmoja mmoja wanaweza wasikuongezee tu ukiisha, na hilo linakuwa gumu kulithibitisha. Ndo maana usiende peke yako. Mko makeshia wangapi? Andikeni barua moja, msaini wote, msitukane mtu, mnaomba maelezo ya makato kwa maandishi, basi. Kama mko kwenye chama cha wafanyakazi, kwa biashara za namna yenu TUICO ndo wanahusika, mpeni nakala mwakilishi wa tawi.

Na kuanzia leo piga picha slipu zako zote za mshahara, utume kwenye simu ya mtu unayemwamini.

Mwenye_Duka_Kkoo:

Nimesoma yote mpaka hiyo ya Uingereza. Hiyo ya kifungu cha 28 sikuwa naijua, mhasibu wangu ndo anayekata nami nasaini.

Ila Sheria_Kazini, robo ya mshahara kwa keshia ni hela ndogo, mtu akipoteza milioni mbili kwa uzembe wa kweli nitamkata mpaka lini?

Sheria_Kazini:

Mzee, kama ni uzembe wa kweli na umethibitisha, una njia za nidhamu na una njia ya kudai deni lako kisheria. Robo imewekwa ili mtu aweze kula wakati anakulipa. Na kama shoti ya milioni mbili imeweza kutokea kaunta moja bila mtu kushtuka mpaka mwisho wa mwezi, hapo tatizo la usimamizi ni kubwa kuliko keshia.

Mtu_wa_Stoo:

Naongezea hapo, kwetu sasa mhasibu analinganisha kila jioni sio mwisho wa mwezi. Toka waanze hivyo makosa ya katoni yamepatikana kwenye sabuni, kwenye biskuti na kwenye juisi. Bidhaa tatu zote zilikuwa zimeandikwa "upotevu wa stoo" kwenye ripoti iliyopita. Mwenzangu aliyekatwa tunamsaidia kuandika barua arudishiwe, biskuti na juisi zilikuwa kwenye makato yake.

Kaunta_ya_Tatu:

Safi sana, na hilo la kurudishiwa ndo nalitaka liingie kwenye vichwa vya watu. Kosa la mfumo likigundulika, jambo la kwanza liwe kurudi nyuma kuangalia ni nani alikatwa kwa kosa hilo na kumrejeshea. Kampuni ya mfumo ikileta apdeti inasema "tumerekebisha tatizo la malipo" wote wanafurahi, hakuna anayeuliza hilo tatizo lilikuwepo toka lini na limeshakula mishahara ya nani.

Kwetu nimeanza na kitu kimoja. Nimewaambia makeshia wangu kila kiduara kikizunguka na kurudi, waandike kwenye daftari saa, kiasi, na namba ya muamala iliyoko kwenye meseji ya mteja, mteja mwenyewe anasoma dakika haiishi. Nimemwomba mhasibu taarifa ya lipa namba ya mwezi mzima, alisitasita akanipa. Nimepata miamala ambayo hela iko kwa kampuni na mfumo umeiandika keshi, na imeangukia kwa makeshia wote, hata yule ambaye menejimenti inamsifia kwa uaminifu. Barua imeandikwa, tumesaini wote kaunta zote, na mimi supavaiza nimesaini juu. Naipeleka ikiwa na hiyo orodha nyuma yake.

Na kijana wa kampuni ya mfumo nimempigia, anasema ile keshi kujichagua yenyewe inaweza kuondolewa kwenye mipangilio, ila "mteja ndo aombe". Mteja maana yake bosi. Bosi hajawahi kukaa kaunta kwa hiyo hawezi kuomba kitu asichokijua, na sisi tunaokaa kaunta hatuna pa kuombea. Wakati wa kuchagua mfumo hakuna keshia hata mmoja aliyeitwa kuujaribu. Hapo ndipo pa kuanzia kabisa, keshia aujaribu siku yenye foleni na mtandao mbovu, sio kijana na projekta asubuhi duka limefungwa.

Mwenye_Duka_Kkoo:

Kijana, hiyo taarifa ya lipa namba unailinganishaje na mfumo? Kwangu nimeifungua sasa hivi ni mistari mingi sana, na saa hazifanani.

Kaunta_ya_Tatu:

Mzee usianze na saa. Weka taarifa ya lipa namba upande mmoja, mauzo ya simu ya kwenye mfumo upande wa pili, zipange zote kwa kiasi. Zinazofanana mojamoja unazitoa. Zitakazobaki upande wa lipa namba bila mwenzake, chukua kiasi hicho kakitafute kwenye mauzo ya keshi ya siku hiyohiyo. Ukikikuta, na keshia huyo jioni alikuwa na shoti ya kiasi hichohicho, umemaliza.

Fundi_Mifumo:

Na mzee kama tofauti ya saa ni masaa matatu kamili kwa kila mstari, nipigie kwanza kabla hujamkata mtu, ni ile ya sheli.